Kuhn, Popper, Lakatos au Laudan: nani akusaidie kuelezea mapinduzi ya kisayansi?

Ukiambiwa uandike au ujadili jinsi sayansi inavyopinduka, jina la kwanza kukujia ni Thomas Kuhn. Si ajabu. Neno "paradaimu", yaani mtazamo mkuu unaoongoza kazi ya wanasayansi kwa kipindi fulani, limeenea hadi kwenye semina za uongozi na mahubiri ya Jumapili, na kila anayelitamka anaamini anamnukuu yeye. Lakini Kuhn ni mmoja tu wa wanafalsafa wachache wa sayansi waliogombania swali hili kwa hoja nzito, na yapo maswali ambayo ukimpelekea yeye atakuangusha. Hapa nawaweka wanne bega kwa bega, na wa tano kwa kupita tu, kisha nawapima wote kwenye kisa kimoja.

Kisa chenyewe ni namna wanajiolojia walivyokuja kukubali kwamba mabara yanahama. Wengi hupenda kutumia Copernicus au Einstein. Mimi naona kisa cha mabara ni mtihani mgumu zaidi. Kilitokea juzijuzi, wahusika wameacha barua, makala na mabishano yao yote, na kimoja kati ya vipande vyake vya kuvutia kiko hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye Bonde la Ufa.

Kisa kwa ufupi

Januari 1912, mjini Frankfurt, Alfred Wegener alisimama mbele ya wanajiolojia na kudai kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1915. Hoja zake hazikuwa za umbo la pwani peke yake: alitaja Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini asiye na uwezo wa kuvuka bahari kuu, ambaye visukuku vyake viko kusini mwa Afrika na Brazili, alitaja mmea wa Glossopteris ulioacha majani yake kwenye miamba ya Afrika, India, Australia na Antaktiki, alitaja mikwaruzo ya barafu ya kale kwenye nchi ambazo leo ni za joto.

Wapinzani walikuwa na majibu. Wanyama walivuka kwa madaraja ya nchi kavu ambayo baadaye yalizama. Na je, nguvu gani isukume bara zima? Harold Jeffreys wa Cambridge alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu alizozitaja Wegener ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Mwaka 1926 suala lilijadiliwa New York kwenye mkutano ulioandaliwa na wanajiolojia wa mafuta, na wazo likatoka limechubuka. Wegener alifia Greenland mwaka 1930.

Kisha bahari ikazungumza. Marie Tharp, akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona bonde likipita katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Harry Hess akaandika mwaka 1962 kwamba sakafu ya bahari huzaliwa kwenye safu hizo na kusukumwa pande mbili. Fred Vine na Drummond Matthews wakaongeza mwaka 1963 kwamba, kwa kuwa usumaku wa dunia hugeuka kila baada ya muda mrefu, miamba inayozaliwa hapo inapaswa kuwa na milia ya sumaku inayofanana kulia na kushoto. Kati ya 1966 na 1968 wengi wa waliokuwa wakipinga walikuwa wamehama upande.

Miaka zaidi ya hamsini ya kukataliwa, halafu miaka miwili au mitatu ya kukubalika. Hilo ndilo la kuelezwa.

Popper: nionyeshe kipimo

Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alivutiwa sana na kupatwa kwa jua kwa Mei 1919. Einstein alikuwa ametabiri mwanga wa nyota utapinda kiasi fulani ukipita karibu na jua. Ungepinda tofauti, nadharia ingekuwa mashakani. Kwa Popper huo ndio uungwana wa sayansi: unasema mapema ni jambo gani likitokea utakuwa umeshindwa. Mapinduzi yanakuja pale nadharia ya zamani inapokanushwa na nyingine, yenye ujasiri zaidi, inaponusurika kwenye mtihani ambao ingeweza kufeli.

Kwa kisa chetu anafaa sana kwenye mlango wa mwisho. Mwaka 1965 J. Tuzo Wilson wa Kanada alieleza kwamba pale safu ya milima ya baharini inapokatwa na kuonekana kama imehamishwa pembeni, miamba kwenye mkato ule inateleza kuelekea upande ulio kinyume na ule ambao jicho lingedhani. Kama sakafu ya bahari haitanuki, Wilson amekosea. Lynn Sykes, aliyekuwa haoni sababu ya kuliamini wazo hilo, akachunguza mitetemo ya matetemeko ya ardhi ya sehemu hizo na mwaka 1967 akatoa jibu: mwelekeo ni ule wa Wilson. Huwezi kupata mfano wa Kipopper uliokaa vizuri kuliko huu.

Rudi nyuma kidogo, mambo yanaharibika. Wegener naye alikuwa na utabiri wa kijasiri: Greenland inahama kuelekea magharibi, na vipimo vya longitudo vitaonyesha. Vipimo vya wakati wake vikaonyesha mwendo wa mita nyingi kwa mwaka, naye akafurahi. Leo tunajua mwendo wenyewe ni wa sentimita mbili hivi, na kile alichokiita ushahidi kilikuwa makosa ya vipimo. Yaani nadharia ilithibitishwa na data mbovu, kisha ikapoteza uthibitisho huo vipimo viliporekebishwa, na bado ilikuwa na punje ya ukweli. Mpopper angemshauri Wegener afunge virago. Tungekuwa tumepoteza.

Haki yake apewe, lakini: Popper hakusema kipimo kimoja kinaua nadharia papo hapo. Alijua kwamba hata taarifa ya kipimo inaweza kupingwa. Ila alikosa jibu zuri kwa swali la ni lini uvumilivu unageuka ukaidi.

Kuhn: kwa nini watu wenye akili walikataa

Kuhn alianza na fizikia, akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1949, ndipo akageukia historia. Kitabu chake cha mwaka 1962 kinasema hivi: muda mwingi wanasayansi hawapimi nadharia kuu, wanaifanyia kazi. Wamelelewa ndani yake, kwa mifano ileile ya vitabuni, na kazi yao ni kufumbua mafumbo madogomadogo ambayo nadharia inawapa. Hiyo aliita sayansi ya kawaida. Mambo yasiyoelezeka yakilundikana, unazuka mgogoro, watu wanapoteza imani, na paradaimu mpya inachukua nafasi. Walioko pande mbili hawaelewani kikamilifu, kwa sababu wanachokiona, wanachokiita tatizo na wanachokubali kuwa jibu vimebadilika pamoja.

Hapa ndipo Bonde la Ufa linapoingia, na naomba nikae kidogo.

John Walter Gregory alilitembelea mwaka 1893, na kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholifanya jina la Bonde la Ufa lijulikane. Maelezo yake yalikuwa ya kawaida kabisa: ardhi imepasuka, kipande cha katikati kimeshuka. Miaka arobaini baadaye akaja Edward Bullard, kijana wa Cambridge, akazunguka Afrika Mashariki na pendulamu zake akipima nguvu ya uvutano kituo baada ya kituo. Aligundua kwamba uvutano ndani ya bonde ni mdogo kuliko inavyotarajiwa. Akafikiri hivi: kama sakafu ya bonde ingekuwa imeshuka tu kwa sababu kuta zimeachana, ingekuwa nyepesi mno kwa kina inachokaa na ingeelea juu tena. Haijaelea. Basi kuna kitu kinaikandamiza, na kitu hicho ni kuta mbili zinazosukumwa zikaribiane na kuipanda sakafu. Mwaka 1936 akachapisha: Bonde la Ufa ni zao la kubanwa, si la kuvutwa.

Tazama alichokifanya. Namba zilikuwa nzuri, hoja ilikuwa ya kiungwana. Kilichokosekana ni kuamini kwamba kipande cha bara kinaweza kwenda zake, na kwamba chini ya bonde kunaweza kuwa na mwamba wa moto na mwepesi kuliko ulio pembeni. Waliokuja baadaye, wakiwa tayari wanaamini mabara yanahama, walieleza upungufu uleule wa uvutano kwa mashapo mepesi yaliyojaa bondeni na joto lililo chini. Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha upande wa Somalia ukiachana na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kwa mwaka.

Kuhn anaeleza hili kuliko mtu yeyote. Popper angeliita kosa na kupita. Kwa Kuhn, Bullard hakukosea kwa uzembe. Aliona kile ambacho malezi yake ya kisayansi yalimruhusu kukiona. Vivyo hivyo kauli ambayo Rollin Chamberlin aliileta kwenye mjadala wa New York, kwamba tukimwamini Wegener itabidi tusahau kila tulichojifunza kwa miaka sabini na kuanza upya. Mtu anayeogopa hivyo hatetei nadharia moja. Anatetea maisha yake yote ya kazi.

Kwa hiyo Tuzo Wilson hakubahatisha alipotangaza mwaka 1968 kwamba jiolojia imepitia mapinduzi ya aina ya Kuhn, na vitabu vingi vya shule vimerudia hivyo. Mimi nakubali nusu. Iko wapi ile hatua ya mgogoro? Wanajiolojia wa miaka ya 1940 hawakuwa wakikosa usingizi. Walikuwa wanachora ramani na kutafuta mafuta wakiwa na amani tele. Data iliyowapindua ilitoka kwa watu wengine, wenye meli na vipima sumaku, kwenye sakafu ya bahari ambayo wao hawakuwa hata na desturi ya kuisoma. Pili, hapakuwa na paradaimu moja. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikuwa akitetea uhamaji wa mabara waziwazi, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1937. Arthur Holmes, aliyewahi kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911 na kuugulia malaria huko, mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa ameshapendekeza kwamba mikondo ya joto ndani ya dunia ndiyo inayobeba mabara. Watu hawa walielewana vizuri na wapinzani wao. Hawakukubaliana tu.

Na lipo la tatu. Kuhn alipenda kunukuu maoni ya Max Planck kwamba ukweli mpya hushinda kwa sababu wapinzani wake hufa. Huku hawakufa. Bullard yuleyule wa pendulamu alikuwa mbele mwaka 1965, pamoja na Everett na Smith, akitumia kompyuta kuunganisha kingo za mabara kwenye kina cha karibu mita 900 chini ya bahari na kukuta zinakaa. Wilson alikuwa amepita umri wa miaka 50 alipobadilika. Jeffreys ndiye aliyeshikilia hadi kifo chake mwaka 1989.

Onyo dogo kwa atakayemtumia Kuhn: Margaret Masterman alihesabu maana 21 za "paradaimu" ndani ya kitabu kimoja, na Kuhn mwenyewe akalazimika kulifafanua upya kwenye nyongeza aliyoiandika mwaka 1969. Ukilitumia, sema unamaanisha nini: nadharia, mfano wa kuigwa, au jumuiya nzima na desturi zake. Wasahihishaji wengi humkamatia mwanafunzi hapo.

Lakatos: usihukumu leo, lakini weka hesabu

Imre Lakatos alikimbia Hungaria mwaka 1956, akaishia kufundisha kwenye chuo kilekile cha London alikokuwa Popper. Alimheshimu Popper lakini alijua historia inamsuta. Kuhn naye alimtia hofu: kama mabadiliko yanatokana na watu kugeuka imani, aliandika, basi tumebaki na saikolojia ya umati. Dawa yake ilikuwa kuacha kupima nadharia mojamoja na kupima programu nzima ya utafiti kwa muda mrefu. Programu ina kiini kigumu ambacho wafuasi hawakiachii, na kuzunguka kiini kuna mkanda wa kinga wa madai madogo yanayoweza kurekebishwa. Kurekebisha si dhambi. Swali ni kama marekebisho yanaleta utabiri mpya unaotimia au yanaziba matundu tu. Programu inayozorota ni kama mdaiwa ambaye kila mwisho wa mwezi ana maelezo mapya ya kwa nini hajalipa.

Kwa mizani hii kisa chetu kinasomeka vizuri mno. Madaraja ya nchi kavu yalikuwa kuziba matundu: kila kisukuku kipya kilihitaji daraja jipya, tena ilikuwa inajulikana kwamba ganda jepesi la bara haliwezi kuzama likapotea kwenye mwamba mzito wa chini ya bahari. Wazo la Wegener nalo halikuwa limelipa deni lake hadi miaka ya 1950. Kulikataa mwaka 1926 hakukuwa upumbavu, na kuendelea nalo kama du Toit hakukuwa upumbavu pia. Mizani iligeuka 1963 hadi 1967, pale milia ya sumaku na mikato ya Wilson, vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavitafuta kabla, vilipotabiriwa na kupatikana. Ndiyo maana kasi ilikuwa ile. Watu walifuata malipo.

Udhaifu wake ni mmoja lakini mkubwa. Kiini kigumu kilikuwa nini hasa? Wegener aliona mabara yakisafiri yenyewe kupitia sakafu ya bahari. Kwa Hess mabara hayasafiri yenyewe, yanabebwa. Ukisema kiini ni "mabara yanahama", programu ni ileile tangu 1912. Ukisema kiini ni namna yanavyohama, basi Wegener alishindwa na wengine wakaanzisha yao. Lakatos hakupi njia ya kuamua isipokuwa baada ya mechi kwisha, na mshauri anayejua matokeo baada ya filimbi hana msaada mkubwa kwa mwanasayansi anayetakiwa kuamua leo afanye utafiti gani.

Laudan: vipande havibadiliki siku moja

Larry Laudan hasomwi sana kwetu, na nadhani ni hasara. Mwaka 1984 alishambulia jambo moja ambalo Kuhn alilichukulia kirahisi: kwamba nadharia, mbinu na malengo ya sayansi hugeuka kwa mpigo mmoja. Laudan anasema hubadilika kwa zamu, kila kimoja kikirekebishwa kwa kuegemea viwili vilivyobaki, kwa hiyo kila hatua inaweza kutetewa kwa sababu, hata kama ukitazama mwanzo na mwisho unaona pengo kubwa.

Angalia suala la chanzo cha nguvu. Mwaka 1926 Wegener aliambiwa: huna nguvu inayosukuma, huna nadharia. Mwaka 1968 nguvu hizo zilikuwa bado zinabishaniwa, na watu walikubali hata hivyo. Nadharia ilipita kwa sababu kigezo kilikuwa kimelegea, na kililegea kwa sababu mbinu zilikuwa zimebadilika: badala ya nyundo na daftari la porini sasa kulikuwa na vipima sumaku vya melini na mtandao wa vipima tetemeko uliosambazwa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kunasa majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mbinu kwanza, kigezo baadaye, nadharia mwisho. Kuhn angevifunga vyote furushi moja, nawe usingeona mpangilio huo.

Shida ya Laudan ni kwamba anaweza kukueleza mapinduzi mpaka yasionekane tena kuwa mapinduzi. Wanajiolojia walioishi miaka ile waliona dunia yao imepinduka, na maelezo yanayowaambia kwamba walikuwa wanafanya marekebisho ya hatua kwa hatua yamepoteza kitu.

Paul Feyerabend, wa tano, nampa aya moja. Alidai hakuna kanuni ya mbinu ambayo maendeleo ya sayansi hayakuwahi kuivunja, na kwamba atakayeng'ang'ania kanuni moja isiyovunjwa atabaki na "kila njia ruksa". Anafaa ukitaka kumkosoa mtu anayehubiri mbinu moja ya kisayansi. Kisa cha Lawrence Morley wa Kanada, aliyekuwa na wazo la milia ya sumaku kama Vine na Matthews lakini makala yake ikakataliwa na majarida mawili mwaka 1963, ni chakula chake. Ukitaka kueleza kwa nini watu wengi walikubaliana ndani ya miaka mitatu, hana cha kukupa.

Sasa uchague

Kama swali lako ni la historia ya watu, kwa nini walipinga, walifundishwa nini, walitazamaje data ileile tofauti, mchukue Kuhn, ila usilazimishe hatua zake zote zionekane. Kama ni la uamuzi wa maabara, yaani jaribio gani litutenganishe mimi na wewe, Popper anatosha na wengine watakuchelewesha. Kama unaulizwa iwapo kukubali au kukataa kulikuwa na busara kwa wakati wake, Lakatos ndiye mwamuzi bora niliyemwona, mradi utaje kiini kigumu mapema kabla hujaanza kuhesabu mabao.

Nikilazimishwa kumchagua mmoja kwa kisa cha mabara, nachukua Lakatos, naazima kwa Laudan lile la vigezo, na Kuhn namwachia kisa cha Bullard. Kwa visa vingine ningepanga vingine. Vidonda vya tumbo, kwa mfano, ambavyo Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kwa kiasi kikubwa husababishwa na bakteria, wakapata Nobel mwaka 2005: pale imani moja ndani ya tiba iliporomoka, lakini mbinu na malengo ya udaktari hayakuguswa. Kuita hilo mabadiliko ya paradaimu ni kulichosha neno. Laudan analimaliza kwa kurasa chache.